Kulinganisha Damu Kabla ya Kuongezewa: Mazungumzo kwa Wakazi wa Mtangawanda

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Mtangawanda na vijiji vingine vya kisiwa cha Pate. Yanachapishwa ili waliokuwa baharini, shambani au safarini nao wayasome.



Kila mkazi wa kisiwa hiki anaijua safari ya mgonjwa aliyezidiwa. Hutolewa Siyu, Pate, Tchundwa au Faza kwa gari au bodaboda, akateremshwa hapa gatini Mtangawanda, akapakiwa kwenye mashua kuelekea Lamu. Maji yakiwa yamejaa, Mkanda hupitika. Yakiwa yamekupwa, nahodha hungoja au hutafuta njia ndefu ya nje, na wakati wa kusi njia hiyo si ya kuchezewa.

Baada ya taabu hiyo yote mgonjwa hufika hospitali, daktari akasema anahitaji kuongezewa damu. Jamaa hutarajia damu itundikwe palepale. Badala yake huambiwa wangoje, maabara inalinganisha. Hapo ndipo manung'uniko huanza: damu ipo, mgonjwa yupo, kinachongojwa ni nini?

Mazungumzo haya yanajibu swali hilo. Saa moja ya maabara ina kazi yake, na kuikata ni hatari. Lakini zipo saa nyingine nyingi zinazopotea kabla ya mgonjwa kufika maabara, na hizo zinaweza kuokolewa na wakazi wenyewe, hapa hapa kisiwani.

Kwa nini damu za watu wawili hukataana

Damu ya binadamu huonekana moja kwa macho, lakini si moja. Kabla ya mwaka wa 1901 madaktari waliojaribu kumwongezea mtu damu ya mwenzake waliona mambo mawili: mgonjwa mmoja hupona, mwingine hufa, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka huo daktari Karl Landsteiner wa Vienna alieleza kwamba damu za watu zina makundi. Leo makundi hayo yanajulikana kwa herufi A, B, AB na O.

Maana yake ni hii. Juu ya kila chembe nyekundu ya damu kuna alama. Mtu wa kundi A ana alama ya A, wa kundi B ana alama ya B, wa AB anazo zote mbili, na wa O hana hata moja. Ndani ya maji ya damu, yaani plasma, mna kingamwili, ambazo ni askari wa mwili. Askari hao hushambulia alama wasiyoijua. Mtu wa kundi A ana askari dhidi ya B. Wa kundi B ana askari dhidi ya A. Wa kundi O ana askari dhidi ya zote mbili.

Mgonjwa wa kundi O akipewa damu ya A kwa makosa, askari wake hawangoji siku ya pili. Huanza kuzipasua chembe zile za kigeni ndani ya mishipa kwa dakika chache. Kiasi kidogo tu cha damu, hata chini ya kikombe kimoja cha kahawa, kinaweza kuanzisha madhara. Mgonjwa hutetemeka, hupata homa, huumwa na mgongo au kifua, hukosa pumzi, mkojo wake hugeuka rangi ya chai nzito, na figo huweza kusimama. Wengine hufa. Mtu aliyeletwa kuokolewa kwa damu huuawa na damu.

Kuna alama nyingine iitwayo Rh, iliyogunduliwa mwaka wa 1940. Mwenye alama hiyo huitwa chanya, asiyekuwa nayo huitwa hasi. Waafrika walio hasi ni wachache. Uchache wao ndio unaofanya damu yao iwe ngumu kupatikana siku ya haja.

Kinachofanyika maabara

Kujua kundi ni hatua ya kwanza tu. Mtaalamu wa maabara hulipima kundi la mgonjwa kutoka kwa sampuli yake mpya, hata kama jamaa wana hakika ni O au A. Kisha hulithibitisha kundi la damu iliyo katika mfuko.

Baada ya hapo hufuata kipimo chenyewe cha kulinganisha. Mtaalamu huchukua maji ya damu ya mgonjwa na kuyachanganya na chembe nyekundu za mfuko ule ule unaokusudiwa kutundikwa. Kwa maneno mengine, damu hizo mbili hukutanishwa kwanza ndani ya kichupa, kabla ya kukutana ndani ya mwili wa mtu. Zikigandamana au chembe zikipasuka, mfuko huo hurudishwa na mwingine hutafutwa. Kazi hii ilifanywa mara ya kwanza na daktari Reuben Ottenberg huko New York mwaka wa 1907, na tangu hapo imeokoa watu wasiohesabika.

Mchanganyiko huo hauangaliwi mara moja tu. Huwekwa katika joto la mwili, yaani nyuzi 37, kwa muda, kisha huongezwa dawa maalumu inayofichua askari ambao macho hayawezi kuwaona. Njia hiyo ilielezwa na Robin Coombs na wenzake huko Uingereza mwaka wa 1945. Ukijumlisha kupima kundi, kungoja, kuosha, kuzungusha kwenye mashine na kuandika, kazi nzima huchukua kiasi cha dakika 45 hadi saa moja. Ikipatikana dalili ya kukataana, muda huongezeka.

Huko ndiko kungoja kunakolalamikiwa. Mtaalamu aliye ndani hakuketi bure.

Jina kwenye chupa

Wakati mwingine kosa halitokei kwenye mashine wala dawa. Hutokea kitandani, pale sampuli ya mtu mmoja inapoandikwa jina la mtu mwingine, au mfuko wa mgonjwa mmoja unapotundikiwa jirani yake. Kote duniani makosa ya jina ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kupewa damu isiyowafaa.

Visiwani hatari hiyo ina sura yake. Majina ni yale yale. Katika wodi moja wanaweza kulala akina Fatma Mohamed wawili, na akina Omar Ali watatu. Tena wengi hujulikana kwa lakabu tu, hata jirani hajui jina la kitambulisho. Jamaa anayemsindikiza mgonjwa akaulizwa jina, akataja lakabu au jina moja tu, ameshafungua mlango wa kosa.

Kwa hiyo mgonjwa aandikishwe kwa majina yake matatu kamili, umri wake, kijiji chake na nambari ya hospitali. Muuguzi anapochukua sampuli, chupa iandikwe palepale kitandani, mgonjwa akiwa anatazama kama ana fahamu. Muuguzi akiuliza jina mara ya pili na ya tatu, asionekane msahaulifu. Kabla ya damu kutundikwa, wahudumu wawili husoma pamoja jina, nambari, kundi na tarehe ya mwisho ya mfuko. Jamaa aliye karibu ana haki ya kusikiliza, na akisikia jina lisilo la mgonjwa wake, aseme hapo hapo kwa adabu.

Damu ya ndugu

Wengi husema: "Mimi ni ndugu yake, damu yetu ni moja, nitoleeni mimi." Maneno haya yana mapenzi makubwa ndani yake, lakini kwa maabara hayatoshi.

Watoto wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na makundi tofauti. Baba wa A na mama wa B wanaweza kuzaa mtoto wa O, wa A, wa B au wa AB. Mama hawezi daima kumpa mwanawe, wala kaka kumpa dada. Hata makundi yakilingana, askari wengine wadogo wanaweza kukataa. Kwa hiyo damu ya ndugu nayo hupimwa kundi, hulinganishwa, na hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kama damu ya mtu mwingine yeyote.

Jambo jingine husemwa kuhusu kundi O, kwamba ni la kumpa kila mtu. Ni kweli kuwa chembe nyekundu za O hazina alama ya A wala B. Lakini maji ya damu ya O yana askari dhidi ya A na B, na damu nzima ambayo haijatenganishwa huwabeba askari hao. Zaidi ya hayo, mtu wa O mwenyewe hawezi kupokea ila O. Nchini Kenya kundi O ndilo lenye watu wengi kuliko makundi yote. Ndiyo maana O hutolewa kwa wingi na bado huisha mapema: wanaoihitaji ni wengi pia.

Damu za Pwani

Makundi hayaishii kwa herufi nne. Wanasayansi wamekwisha kutambua mifumo zaidi ya 40 ya alama za damu, na baadhi ya mambo muhimu yaliyojulikana kuhusu damu yalijulikana katika ukanda huu.

Mwaka wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kuwa chembe za seli mundu zilikuwa nyingi kwa watu wa karibu na Pwani na Ziwa Victoria, na nadra kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alionyesha sababu: mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa wa seli mundu.

Hapo Kilifi, watafiti wa KEMRI na wenzao wameichunguza alama ya damu iitwayo Dantu, inayopatikana kwa wingi zaidi Kilifi kuliko sehemu nyingine za dunia. Mwaka wa 2020 walieleza kwamba ngozi ya chembe yenye Dantu huwa imekazika, na kijidudu cha malaria hushindwa kupenya kwa urahisi. Hivyo malaria, iliyowasumbua mababu kwa karne nyingi, imeacha alama zake katika damu za watu wa Pwani.

Hili linahusu kulinganisha damu kwa njia ya moja kwa moja. Mtoto wa seli mundu huongezewa damu mara nyingi maishani. Kila mfuko humletea alama ndogo ndogo ambazo mwili wake haukuzizoea, na mwili huweza kutengeneza askari wapya. Damu iliyomfaa mwaka jana huenda isimfae mwaka huu. Mzazi wa mtoto kama huyo asiseme "tayari alipimwa". Aeleze kila mara kwamba mtoto aliwahi kuongezewa damu, wapi na lini, na kama alipata homa au kutetemeka. Karatasi ya hospitali iliyoandikwa habari hizo ihifadhiwe mahali pasipofika maji wala mchwa.

Mtu aliyeongezewa damu au aliyekuwa mjamzito ndani ya miezi mitatu iliyopita, sampuli yake ya maabara hudumu siku tatu tu, kisha huchukuliwa nyingine. Si kwamba ya kwanza imepotea. Ni kwa sababu askari wapya wanaweza kuzaliwa katika siku hizo.

Mama mjamzito

Anayehitaji damu kwa ghafla kuliko wote ni mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua au baada yake. Mama aliyekuwa mzima alasiri anaweza kuwa hoi kabla ya magharibi. Kwa mama wa Mtangawanda, magharibi hiyo yaweza kuwa maji yamekupwa.

Kliniki ya kwanza ya ujauzito hupima kundi la damu, Rh na wingi wa damu, na majibu huandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto. Maandishi hayo hayaondoi haja ya kulinganisha, maana maabara itapima upya. Faida yake ni kuwa hospitali ikipigiwa simu mapema, hujua kundi gani la kutafuta kabla mashua haijafika.

Mama aliye Rh hasi ana jambo la ziada. Akibeba mtoto aliye chanya, mwili wake unaweza kutengeneza askari watakaomdhuru mtoto wa mimba inayofuata. Ipo sindano ya kuzuia hilo, na baada ya kujifungua hutakiwa ndani ya saa 72. Mimba ikiharibika pia aulize habari ya sindano hiyo. Mama anayejua kuwa ni hasi apange mapema na kliniki mahali pa kujifungulia.

Wingi wa damu nao huamua mengi. Mama aliyekunywa vidonge vya madini ya chuma, aliyelala ndani ya chandarua na aliyetibiwa malaria mapema huingia katika uzazi akiwa na akiba. Akipoteza damu kiasi, huenda asihitaji mfuko hata mmoja.

Liko suala la idhini. Mara nyingine mume yuko dago, simu haishiki, na jamaa wanangoja neno lake. Mume na mke wazungumze kabla ya miezi ya mwisho, waafikiane kuwa damu ikihitajika itolewe, na wamteue mtu wa nyumbani atakayesimama mahali pao.

Ikiwa hakuna nafasi ya kungoja

Upo wakati ambapo mgonjwa anakufa mbele ya daktari na saa moja ni nyingi mno. Hapo daktari anaweza kuamua kutoa damu ya kundi O kabla ya kulinganisha, na kipimo kikaendelea nyuma yake. Uamuzi huo ni wa daktari, baada ya kupima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo. Sampuli ya mgonjwa huchukuliwa kwanza. Jamaa wasiudai uamuzi huo kwa mgonjwa anayeweza kungoja, wala wasiupinge kwa asiyeweza.

Damu ikishaanza kuingia, dakika 15 za kwanza ndizo za kutazamwa sana. Mgonjwa akisema anasikia baridi, anaumwa mgongo, ngozi inamwasha, anakosa pumzi au ana hofu asiyoielewa, muuguzi aitwe mara moja. Hata kama baadaye itaonekana si kitu, hakuna atakayelaumiwa kwa kuita.

Kabla ya mashua kung'oa

Familia inayompeleka mgonjwa ihakikishe mambo haya:

1. Kitambulisho cha mgonjwa, kijitabu cha kliniki na karatasi zote za hospitali za zamani zimo katika mfuko wa plastiki.
2. Msindikizaji anajua majina matatu ya mgonjwa na umri wake.
3. Msindikizaji anajua kama mgonjwa aliwahi kuongezewa damu, kupata mimba au mimba kuharibika, na dawa anazotumia.
4. Mhudumu wa zahanati amepiga simu hospitali, akataja hali ya mgonjwa, kundi lililoandikwa na saa ya kuondoka.
5. Watu wawili au watatu wenye afya wanafuatana na mgonjwa, wakiwa tayari kutoa damu ya kurudisha akiba. Wamekula na kunywa maji kabla ya safari.

Mambo haya hayana gharama kubwa. Yakifanywa, saa ya kulinganisha huanza mapema, na wakati mwingine hupita mgonjwa akiwa bado majini.

Kutoa damu kabla ya siku ya shida

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Majeruhi walikuwa maelfu, na nchi iliona wazi kuwa kungoja ndugu wa mgonjwa watoe damu hakutoshi. Katika miaka iliyofuata ilianzishwa huduma ya kitaifa ya damu yenye vituo vya kanda, kimojawapo Mombasa. Lakini damu haitengenezwi kiwandani. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6, hukaa wiki tano au sita tu. Ndipo zinapohitajika nyingine.

Mtu mzima mwenye afya, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aliye kati ya miaka 16 na 65, anaweza kutoa. Mwanamume hupumzika miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi minne. Wakati wa Ramadhani, ni vyema kutoa usiku baada ya futari. Kazi ya kutoa huchukua dakika chache, na anayetoa hujua kundi lake.

Kadiri mifuko inavyokuwa mingi katika friji ya hospitali, ndivyo maabara inavyokuwa na nafasi ya kuchagua. Mfuko wa kwanza ukikataa, wa pili upo. Friji ikiwa na mfuko mmoja na ukakataa, mtaalamu hana la kufanya ila kuwatokea jamaa mlangoni na kuwaambia watafute mtu.

Ndugu wakazi, kliniki ya wajawazito ndipo pa kuanzia. Kila mama mjamzito wa Mtangawanda aende mapema, akapimwe, na kijitabu chake kijulikane kilipo nyumbani. Wanaume na vijana wenye afya wajiandikishe kwa wahudumu wa afya ya jamii wa vijiji vyao, ili timu ya kuchangisha damu ijapo iwakute tayari.